Mkwe Aliyekuja na Hema

Kasimiri hakuwa mtu wa kuogopa ovyo. Kiwandani Kihonda alisimamia mashine zenye kelele ya kumtoa nyoka pangoni, na mafundi wenye kelele kuzidi mashine, na wote walinyooka alipopita. Jambo moja tu lilimtoa jasho: kulala nyumbani kwa mama mkwe wake, Kinole.

Si kwamba mama huyo alikuwa mkali. Bibi Eufrazia alikuwa mtu wa kucheka, na ukimpa nafasi atakucheka wewe. Tatizo lilikuwa paa. Baba yake Kasimiri, kule Mbinga, alimlea akijua kwamba mwanamume mwenye adabu halali chini ya paa moja na mama mkwe. Asimsikie akikohoa, wala yeye asisikike akikoroma. Na nyumba ya Bibi Eufrazia ilikuwa na vyumba viwili na sebule, kuta zake hazifiki juu. Mtu akigeuka kitandani, chumba cha pili wanajua kageukia upande gani.

Kwa hiyo kila Krismasi Kasimiri alimpeleka mkewe Felista na binti yao Jesca, akala, akashukuru, na jua lilipoanza kuegemea mlimani akakumbuka zamu. Zamu hiyo ilikuwa ya ajabu. Haikujitokeza siku nyingine yoyote ya mwaka.

Mwaka huu Felista alimkatia shauri.

"Baba Jesca, mama anasema majirani wanamuuliza kama nyumba yake ina kunguni. Mwaka huu unalala."

"Nitalala kwa Mzee Gabrieli, hapo jirani."

"Ukilala kwa jirani ndiyo umemmaliza kabisa. Watasema Eufrazia kamfukuza mkwe. Tena nisikilize vizuri. Usipolala, mimi na Jesca tunabaki kule. Unajua kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama. Wajomba zake watampa kipande cha shamba la iliki, atasoma hukohuko, na wewe utakuwa unakuja kumsalimia."

Alisema huku akicheka. Hapo ndipo Kasimiri alipoogopa, maana alimjua mkewe: jambo alilolisema kwa hasira lilipita na upepo, lakini alilolisema kwa kicheko alilitenda.

Alihangaika nalo wiki nzima. Kisha asubuhi moja, akiwa Bigwa, aliwaona watalii wakielekea mlimani, kila mmoja kabeba nyumba yake mgongoni kama konokono. Kasimiri alisimama pale barabarani akatabasamu peke yake. Hema! Atalala uani kwa mama mkwe, si kwa jirani, na juu ya kichwa chake litakuwa paa lake mwenyewe. Hapo hata marehemu baba yake angetikisa kichwa kwa kuridhika.

Jumamosi iliyofuata familia nzima ilikwenda kwenye duka la Shadia, karibu na soko, anakouza mahema, mabegi na mabuti ya mtumba.

"Shikamoo baba, shikamoo mama," alisema Shadia. "Karibuni sana. Mnakwenda Mikumi kuangalia wanyama?"

"Tunakwenda kwa bibi," alijibu Jesca. "Baba anaogopa kulala ndani."

Shadia alifunika mdomo kwa kiganja, kisha akageuka haraka kutafuta hema.

La kwanza lilikuwa la kijani, la mviringo, limeinama kama kobe. Alilisimamisha mbele ya duka. Kasimiri alivua viatu, akapiga magoti, akaingiza kichwa, akaingiza mabega, na hapo akakwama kidogo.

"Baba Jesca," aliita Felista, "baki hivyohivyo. Usisogee. Sasa fikiria mama amekaa pale mbele ya jiko, anapepeta mchele, anatazama huku."

Kasimiri aliganda. Nusu yake ya mbele ilikuwa ndani ya hema, na nusu iliyobaki ilikuwa inawatazama wapita njia. Dereva mmoja wa bodaboda alipiga honi.

"Mzee, ingia au toka! Unafunga barabara!"

"Hili hapana," ilisema sauti kutoka ndani.

"Unaweza kuingia kinyumenyume, baba," alishauri Shadia. "Uso unabaki nje."

"Nimtazame mama mkwe wangu nikiwa nimepiga magoti, huku narudi nyuma kama kaa? Wewe binti umeolewa?"

"Bado, baba."

"Basi utayajua."

La pili lilikuwa na madirisha ya wavu pande zote. Jesca aliingia akashangilia. "Baba, naona kila kitu!"

"Na wewe unaonekana mwili mzima," alisema mama yake. "Tukiwasha taa humo, Kinole nzima watatandika mikeka waangalie sinema."

La tatu lilikuwa dogo kama mfuko wa mchele, ingawa Shadia aliapa kwamba ni la watu wanne.

"Watu wanne gani?"

"Wanaopendana sana, baba."

Ndipo Kasimiri alipoliona jingine, limesimama nyuma kabisa. Jeupe, refu, limenyooka kuta zake, na mbele lina kibaraza cha kitambaa chenye miti miwili. Aliingia bila kuinama. Alitoka bila kuinama. Akaingia tena, akatoka tena, mikono nyuma, kama mkuu wa wilaya anayekagua zahanati.

"Sasa hapa mtu anaingia kwa heshima," alisema.

Felista aliinamisha kichwa upande. "Jeupe mno. Limekaa kama... sijui. Kuna mahali nimeliona."

"Umeliona kwenye picha za watu waliostaarabika."

Shadia alikuwa anatazama darini kama mtu anayetafuta buibui. Alikuwa mfanyabiashara, na hema lile lilikuwa limemkalia dukani tangu masika.

Siku moja kabla ya mkesha wa Krismasi walipanda Kinole kwa pikapu ya kukodi. Bibi Eufrazia aliwapokea kwa vigelegele, akaitikia shikamoo ya mkwe wake huku naye akitazama pembeni kwa adabu, kisha akamchukua Felista kwenda shambani kukata ndizi na kuchuma mananasi. Kasimiri alisubiri wapotelee migombani, akamwita Jesca, na kazi ikaanza.

Iliwachukua mchana wote. Mti mmoja wa hema ulimgonga kwenye paji la uso, kamba ikambana Jesca kidole, akalia, akanyamaza, akalala ndani palepale. Lakini hema lilisimama, jeupe kama ubani, katikati ya uwanja. Nyumba ya Bibi Eufrazia iko kwenye bega la mlima, na uwanja wake unaonekana kutoka miteremko yote ya upande wa pili. Kasimiri aliketi kigodani penye kibaraza, amechoka hoi, kichwa amekishika kwa mikono miwili.

Sasa kule milimani turubai jeupe halisimami uani kwa mtu bila sababu. Harusi ingetangazwa kanisani Jumapili tatu mfululizo, na hakuna padri aliyetangaza kitu. Kwa hiyo sababu ilibaki moja. Na anayeliona hapigi simu kuuliza. Anaacha jembe, anakwenda, anakaa kimya. Mfiwa akipata nguvu atasema mwenyewe. Kuuliza mapema ni utovu wa adabu.

Wa kwanza kufika alikuwa Mzee Gabrieli. Alivua kofia, akamshika Kasimiri mkono kwa mikono yake yote miwili, akaketi juu ya gogo. Hakusema kitu. Wakafuata wanaume wengine, wakaketi vilevile. Kisha wakaja wanawake, khanga zimefungwa viunoni, hawa na kuni kichwani, wale na maharage na unga, wakapita moja kwa moja nyuma ya nyumba kuwasha moto.

Kasimiri aliwatazama, na moyo wake ukaanza kuumuka kama andazi. Kumbe ndivyo wanavyompokea mkwe anayelala! Miaka yote amekimbia heshima kubwa namna hii! Aliona si vizuri kukaa kimya kama gunia, akasimama, akasafisha koo.

"Wazee wangu, mama zangu. Sikutegemea mngekuja wengi hivi. Ukweli ni kwamba jambo hili lilikuwa lifanyike zamani. Mimi ndiye niliyekuwa nalichelewesha, kila mwaka kwa kisingizio hiki na kile. Lakini mwaka huu nikasema basi, liishe. Nimekuja na hema langu mwenyewe, na nimeshughulikia kila kitu kwa mikono yangu, mama akiwa hayupo."

Mzee Gabrieli aliwatazama wenzake, kisha akamtazama Kasimiri, kwanza mikono, ndipo uso.

"Ulikuwa unalichelewesha," alisema polepole. "Wewe."

"Mimi, mzee wangu. Nakiri."

Nyuma ya nyumba, mama Cecilia, rafiki wa Bibi Eufrazia tangu usichana, hakuweza kujizuia tena. "Eufrazia weee!" alilia. "Umeondoka hata shokishoki hatujagawana! Eufrazia, mwenzangu!" Wengine wakapokea. Jesca aliamka kwa kelele zile, akasikia jina la bibi yake, naye akaungana nao kwa nguvu zote.

Hapo ndipo Kasimiri alipoelewa. Aligeuka akalitazama hema lake, akaliona kwa macho ya watu wa mlima ule, na jasho likamtoka hadi visiginoni. Alifungua mdomo. Nani angemsikia?

Bibi Eufrazia alitokea migombani na mkungu wa ndizi kichwani, Felista nyuma yake na mananasi. Aliona turubai, akaona moshi, akaona wanaume juu ya magogo, akasikia vilio. Alikuwa mwanamke aliyelelewa. Alitua mkungu, akafunga khanga kiunoni, akaenda nyuma ya nyumba, akaketi kando ya Cecilia, akalia. Alilia vizuri, kwa sauti iliyonyooka. Alipoona ametimiza wajibu, akamwinamia jirani yake.

"Kafa nani?"

"Eufrazia," alijibu Cecilia, uso ndani ya khanga.

"Eufrazia yupi tena huyo?"

Cecilia aliinua kichwa. Akatazama. Ukelele alioutoa ulizidi vyote alivyolia tangu alipofika, na watu wawili wakamwaga maharage.

Ilichukua muda mrefu kutuliza uwanja. Mzee Gabrieli alimgusa marehemu begani kwa kidole kimoja ili ahakikishe. Kasimiri alikuwa ameshang'oa kigingi cha kwanza.

"Mama, nisamehe sana. Ni hema tu, la kulalia. Nalibomoa sasa hivi."

"Acha!" Bibi Eufrazia alikuwa anacheka hadi machozi, machozi mengine juu ya yale ya kwanza. "Mkwe wangu, kumbe hukuwa unakataa kulala kwangu! Ulikuwa unasubiri nife kwanza! Liache hilo turubai hapohapo. Wangapi duniani wamepata kula matanga yao wenyewe? Nitayala yangu. Cecilia, wewe umeleta nini?"

"Maharage."

"Haya? Kisado hiki? Miaka yote ile, na nikifa nina thamani ya kisado?"

"Nilitoka mbio, Eufrazia, sikujua..."

"Ulijua! Umenitajia jina langu kwa mdomo wako mwenyewe!"

Wakapika, wakala, na kila aliyeleta kidogo alisutwa mpaka akaahidi kuongeza siku ya kweli. Hotuba ya Kasimiri ilirudiwa na Mzee Gabrieli neno kwa neno, na kila iliporudiwa iliongezeka urefu. Felista alicheka akashikilia nguzo ya baraza.

Jioni, kabla hata vyombo havijaoshwa, mvua ilishuka kutoka mlimani. Wanaume wa karibu walikimbia na kofia zao. Lakini wanawake wa ng'ambo ya kijito, wenye watoto mgongoni, wasingeweza kupita njia ile ya utelezi.

"Ingieni turubaini!" aliamuru Bibi Eufrazia. "Mmekuja kulala msibani, laleni. Marehemu mwenyewe nalala nanyi." Akamshika Jesca mkono, akaingia, bila kuinama.

Uwanjani akabaki Kasimiri, chini ya ukingo wa paa la nyumba, mgongo ndani, tumbo kwenye mvua. Mzee Gabrieli alimwita kwa mbali: "Njoo kwangu, kitanda kipo!" Mlangoni alisimama Felista. Alikuwa anacheka kile kicheko chake.

"Mkwe!" ilitoka sauti hemani. "Unaloa bure. Si mlifundishwa kutolala chini ya paa moja na mama mkwe? Mimi nipo huku. Huko ndani hakuna mkweo yeyote. Ingia!"

Kasimiri aliligeuza jambo lile kichwani, akalipindua, akalitafuta kasoro kama anavyotafuta kasoro kwenye mashine. Hakuiona. Alikung'uta miguu, akaingia. Felista alimtandikia mkeka sebuleni, akampa blanketi, na kwa jinsi alivyochoka, kichwa kilipogusa mto hakikuchelewa.

Mvua ilipungua. Kule hemani vicheko vilikatika ghafla, watu wakasikiliza. Kutoka ndani ya nyumba ulikuwa unakuja mkoromo mzito, wa zamu nzima ya mashine za Kihonda.

"Mkwe!" aliita Bibi Eufrazia. "Umelala?"

Mkoromo ulikatika. Palikuwa na kimya, kimya cha mtu anayepima afanye nini na heshima yake. Kisha sauti nzito, yenye adabu zote, ikajibu gizani:

"Nimelala, mama."

Na wanawake wote waliokuwamo hemani walicheka mpaka vigingi vikang'oka, na turubai likawashukia wote, marehemu akiwa katikati.