Moja Kukubali, Mbili Kughairi

"Huwa unamtumia nani zaidi pesa kwa simu?" mtafiti aliuliza, kalamu mkononi.

Mama Vifungo hakuinua macho. Alikuwa akipachika kifungo cha mwisho kwenye shati la shule. "Simtumii mtu, binti yangu. Natafuta jina tu."

"Jina la nani?"

"La kijana wangu."

Mtafiti, viatu vyake vyeupe kwa vumbi la kuzunguka mtaa mzima, alicheka. "Mama, jibu hilo kwenye maswali yangu halimo."

"Basi liongeze. Si umesoma wewe?"

Akakata uzi kwa meno, akaitoa simu chini ya vitambaa. Akaeleza polepole, kama anayemfundisha mtoto kutunga sindano. Unaandika namba. Unaandika kiasi, kidogo tu. Unaweka namba ya siri. Hapo unaulizwa: unamtumia fulani? Na jina la kijana linatokea, lote, kama alivyopewa alipozaliwa. Moja kukubali, mbili kughairi. Yeye hulitazama weee, kisha hubonyeza mbili. Hela haiendi popote.

"Si umpigie tu, mama?"

"Tulimzika mwaka juzi."

Kalamu ikasimama. "Jamani. Pole, mama."

"Nimeshapoa. Njoo uone, ana jina zuri huyo!"

Akabonyeza namba bila kuisoma popote. Vidole vyenyewe viliijua. Jina likaja. Lilikuwa la mwanamke, na ukoo asioujua.

"Huyu nani?"

Mtafiti aliinama kutazama. Sauti ikamshuka. "Mama... namba ikikaa sana bila kutumika, kampuni humpa mtu mwingine."

"Humpa mtu? Namba ya mwanangu? Jumapili si alikuwepo hapa hapa kwenye kioo!"

Kidole kilichozoea mbili kikatua kwenye moja. Simu ikalia mlio mfupi: pesa imetumwa.

Mama Vifungo alikuwa bado ameshika sindano, amesahau kwamba inamchoma.

Kisha simu ikaita. Alitazama kioo. Palikuwa na jina ambalo kijana alijiandikia mwenyewe, kwa utani, siku alipomnunulia simu hiyo: MTOTO MZURI.

"Ni yule mama aliyepokea," mtafiti alinong'ona. "Anataka kujua nani kamtumia."

Mama Vifungo aliunyoosha mkono, akaurudisha. Simu iliendelea kuita, ikitetemeka na kujisogeza juu ya meza, ikivisukuma vifungo kimoja kimoja kuelekea ukingoni.