Herufi P ya Sabirin

Siku ya klabu za chuo kujinadi kwa wanafunzi wapya, Yurub aliwekwa kwenye meza ya Klabu ya Kiingereza. Yeye ndiye mwenyekiti, na mwenyekiti hana pa kujificha. Nyuma yake palining'inia bango aliloliandika mwenyewe mwaka jana: mdahalo, maigizo, jarida la chuo, kusomea watoto hadithi. Hilo la mwisho alikuwa amelibandika karatasi nyeupe juu yake, lakini wapi! Wino ulionekana tu.

"Na hapa mmeficha nini?" akauliza kijana mrefu aliyejiita Hamze, mgeni kutoka Rhamu.

"Hiyo tumeiacha."

"Mbona? Mimi nataka ualimu. Hiyo ndiyo ingenifaa."

"Nimekwambia tumeiacha, kwani wewe vipi?"

Akaona haya papo hapo. Kijana wa watu hakuwa na kosa. Akaliandika jina lake kwenye mdahalo, Hamze akaenda zake, na kipande cha karatasi kilichokuwa mezani kikapepea. Upepo haukuwepo, wallahi. Ulikuwa mchana wa Garissa, hata vumbi limelala.

Kupepea huko Yurub alikujua. Kwa kipande kama hicho ndivyo alivyomfundisha Sabirin herufi P. Sabirin alikuwa mwenzake wa chumba, binti wa hapa hapa Galbet, na ulimi wake ulikuwa wa nyumbani: kila P aliifanya B, kama wengi wa huku kwetu. "Shika karatasi mbele ya midomo," Yurub alikuwa akimwambia. "Ukisema P itapepea. Isipopepea, umesema B." Basi Sabirin akapuliza na kupuliza, wakacheka mpaka machozi. Maskini, akaizoea kupita kiasi. Hata pale palipotakiwa B, yeye anapuliza P. "Book" ikawa "pook". Klabu nzima ikamtania, na Yurub ndiye aliyekuwa wa kwanza.

Ndipo ikaja ile Jumamosi ya Novemba. Klabu ilikwenda kuwasomea watoto katika shule iliyo ng'ambo ya laga, yaani lile korongo la mchanga ambalo karibu mwaka mzima halina tone. Hapa mvua haikuwa imenyesha. Ilinyesha huko juu, mbali. Jioni wakaanza kurudi, na Yurub akatangulia kuvuka ili atafute gari barabarani. Simu ikalia. Ulikuwa ujumbe wa sauti wa Sabirin, anahema kidogo, anacheka: "Yurub, wait, I'm going pack. The pooks."

Kwa nini kwa Kiingereza? Kwa sababu klabu ilikuwa na sheria: siku ya safari, hata ujumbe wa simu uwe wa Kiingereza, na atakayeteleza atafagia ukumbi wiki nzima. Sheria ya nani? Ya Yurub. Angesema kwa Kisomali, mtoto wa miaka mitatu angemwelewa.

Yurub alisikia "pack", yaani kufungasha. Akajua kwamba mwenzake angali kule shuleni, anatia vitabu kwenye sanduku. Akamrudishia alama ya dole gumba. Hazikupita dakika mbili, mfugaji mmoja aitwaye Dullo akaja mbio, ngamia wake mbele, anapiga kelele kwamba maji yanashuka.

"Kuna mtu wenu ndani?"

"Hakuna," Yurub akamjibu. "Amebaki mmoja tu kule shuleni, anafungasha vitabu."

Dullo akaendelea kuswaga ngamia wake.

Kumbe Sabirin alikuwa ameshavuka. Mkoba wake ulikutwa ukingo wa huku. Alichotaka kusema ni "back": anarudi kufuata vitabu vilivyosahauliwa. Maji yakamkuta katikati ya laga.

Wiki sita sasa. Ujumbe ule Yurub hajaufuta, wala hajamsikilizisha mtu. Mhadhiri akitamka neno lenye P, anahisi pumzi shavuni. Akitawadha, pumzi. Anaogopa, na anaona aibu kwamba anamwogopa rafiki yake.

Hamze hajafika mbali, akatokea mama yake Sabirin, Bishara, ameshika sanduku la marehemu alilokabidhiwa bwenini. Yurub akasimama, akamwita shangazi kwa Kisomali.

"Eedo, karibu ukae."

"Sikai, mwanangu. Nina swali moja tu." Sauti yake ilikuwa imekauka. "Watu wanasema binti yangu aliambiwa maji yanakuja, akaingia kwa ukaidi. Eti amejiua. Kila nikiinua mikono nimwombee, neno hilo linanichoma. Wewe ulikuwepo. Alionywa?"

Angeweza kusema hakuonywa, basi, yakaisha. Lakini mama angeuliza kwa nini, na jibu la swali hilo lilikuwa mfukoni mwake, ndani ya simu. Karatasi mezani ikapepea tena. Yurub akatoa simu, akaubonyeza ule ujumbe.

Bishara aliposikia sauti ya mwanawe akaziba mdomo kwa shungi. Kiingereza hakijui hata neno. "Anasema nini?"

Miaka mitatu Yurub anasomea lugha hii, na tafsiri haijawahi kumshinda namna ile. "Anasema anarudi."

"Anarudi?" Macho ya mama yaliwaka mara moja, kisha yakazimika.

"Kufuata vitabu, eedo. Habari ya maji hakuijua. Hakuna aliyemwonya."

"Alhamdulillahi." Akaegemea meza. Kisha, polepole: "Lakini yule mfugaji alikuwa anaita watu. Mwanangu mbona hakumwita?"

"Aliniuliza mimi kama kuna mtu," Yurub akasema, na machozi yakamshuka. "Nikamwambia hakuna. Nilidhani anafungasha. Nililisikia vibaya lile neno, eedo. Mimi ndiye niliyemfundisha kulisema hivyo."

Bishara hakulia wala hakumgusa. Akaisogelea simu.

"Ni lipi hapo, neno la kurudi?"

Yurub akaurudisha ujumbe nyuma, akamwonyesha kwa kidole neno lilipofika. Mama akalisikiliza mara mbili. Mara ya tatu akalifuata kwa mdomo wake mwenyewe, taratibu.

"Back," akasema.

Alilitamka sawasawa, kwa ulimi wake wa nyumbani, bila kufundishwa na mtu.