Wimbo wa Sita

Jumatano, tarehe 9 Oktoba. Ukungu ulikuwa mzito asubuhi hiyo, hata fundi cherehani akalipapasa kufuli la duka kama kipofu. Alikuwa ameshasali. Kila alfajiri aliwaombea ndugu zake kwa majina, akiruka jina moja, la dada yake mkubwa. Miaka saba iliyopita waligombania nyumba ya marehemu mama yao, naye akaapa mbele za Mungu kwamba hatasema na dada yake tena. Kwake yeye, kiapo ni kiapo.

Mwalimu wa saikolojia wa darasa la jioni alilosoma fundi alikuwa amewapa wanafunzi kazi: kila mmoja alete orodha ya nyimbo anazoimba bila kujua. "Msijisikilize wenyewe," alionya. "Mtafute mtu awanase."

Fundi mwenzake, waliyemwita Redio kwa sababu hazimiki, alikuwa akimrekodi kwa simu tangu Jumatatu.

"Shoga, una nyimbo sita," Redio alisema, akimpa karatasi. "Tano nazijua. Hii ya mwisho sijapata kuisikia, na unaiimba nusu nusu. Unaguna mstari mmoja, unanyamaza, mguu unaacha kukanyaga cherehani, ndipo unaendelea. Kama unamngoja mtu."

"Mimi? Acha uzushi."

"Haya. Uulize mguu wako."

Fundi alicheka, akaisikiliza ile simu, kicheko kikamkauka. Wimbo ule waliutunga yeye na dada yake utotoni, wakiosha vyombo. Yeye alianza, dada akaitikia. Hata mama yao hakuwahi kuusikia.

Jioni, watu wazima kumi na mmoja walijibana kwenye madawati ya watoto, mwalimu akazipiga nyimbo za fundi kwa simu ya Redio. Kwa zile tano watu walitabasamu. Ya sita ikaanza: cherehani ikinguruma, sauti yake ikiguna mstari, kisha kimya.

Ndani ya kimya kile, mtu nyuma ya darasa akaitikia.

Mstari wa pili, kimya, kiitikio tena, bila kukosea hata kidogo. Mwalimu akazima simu.

"Nani anaimba?"

Wote walimgeukia mlinzi, mwanafunzi mwenzao, aliyekuwa akichonga penseli.

"Mbona mnanitazama? Sijasema kitu."

"Hukusema, mzee," jirani yake alimjibu. "Umeimba. Mara mbili."

"Kaka," fundi aliuliza, "wimbo huo umeutoa wapi?"

Mlinzi alifikiri, penseli imesimama mkononi. "Labda lindoni. Kibanda changu kiko chini ya dirisha la wodi ya wanawake, pale hospitali. Kuna mama mmoja anaguna hivyo kutwa. Anaguna kidogo, ananyamaza, anaguna tena. Wauguzi wanasema hana mgeni hata mmoja. Tangu juzi sauti imefifia."

Fundi alisimama, mikono imeshika ukingo wa dawati.

"Mungu wangu, kiapo kile nilikila peke yangu, kwa hasira. Unisamehe, nakivunja. Hiki kipya nakitoa mbele ya hawa wote: kesho mlango wa wageni ukifunguliwa, nitaingia wodi ile, nitamwita dada yangu kwa jina lake, na nitauanza wimbo mimi."