Chai Nyepesi ya Lindel

Kitu cha kwanza nilichokiona ni miti ya kutambazia viazi vikuu. Ilikuwa bado imeegemezwa kwenye ua wa Lindel, imefungwa kamba, na sisi wengine tulikuwa tumeshaisimamisha yetu shambani. Huku kwetu milimani Jamaika, mwanamume asiyepiga matuta mwezi wa tatu ama ni mgonjwa ama ana safari. Lindel hakuwa mgonjwa. Kila asubuhi alipanda njia ya kwangu akipiga mluzi, chupa ya chai ya mama yake mkononi.

Safari yenyewe niliijua bila kuambiwa. Wanaume wa huku wakiondoka huenda Kanada kuchuma matufaha, na mtu akiipata kadi ya kazi hiyo haitangazi. Kijicho kipo. Wengine hata mama mzazi hawamwambii mpaka begi liko mlangoni. Kwa hiyo nikakaa kimya, nikaendelea kuchemsha chai.

Chai hiyo nilifundishwa na bibi yangu. Niliacha shule darasa la nne alipoanza kuugua, na alichokuwa nacho cha kunifundisha alinifundishia jikoni. Bangi ya chai huchumwa mbichi, umande ukiwa bado juu yake, yale majani machanga ya kileleni. Unaosha, unachemsha polepole na tangawizi, mwisho unatia maziwa ya kopo na kungumanga kidogo. Bibi alikuwa mama wa kanisa. Mtu akivuta bangi uani kwake alimfukuza kwa ufagio, kisha akaingia ndani kunywa kikombe chake cha majani yale yale bila aibu yoyote. "Moshi ni wa wahuni," alikuwa akisema. "Chai ni dawa." Mlima mzima unasema hivyo hivyo. Alipofariki aliniachia nyumba, nguruwe mmoja, na mashina matano nyuma ya banda, yale matano ambayo sheria ya siku hizi inamruhusu mtu kupanda nyumbani.

Baada ya mazishi watu walipungua, halafu wakaisha. Akabaki Lindel. Alikuwa akija kuchukua chai ya kutuliza magoti ya mama yake, Bi Ivorine, naye akinywa kikombe kimoja mlangoni pa jiko kabla ya kushuka. Ilikuwa nusu saa hivi. Sehemu yote ya siku iliyobaki nilizungumza na nguruwe.

"Netta, leo umeamka na ulimi wako au umemwazima mtu?"

"Kunywa chai."

"Haya, umo. Nitamwambia Mama wewe si bubu, unajua kuamrisha."

Nilicheka nikiangalia chini. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu, na yalinitosha mpaka kesho yake.

Jumamosi moja nilikwenda dukani kwa Bi Clarice kununua samaki wa chumvi. Nilimkuta Lascelle, jirani yetu wa bondeni, amerudi kutoka Kingston kwenye vipimo vya kazi ya Kanada. Alikuwa amekataliwa. Walimpima mkojo wakakuta bangi.

"Mimi tangu Krismasi sijavuta," alikuwa akisema. "Nimekunywa chai ya mama tu."

Duka zima lilicheka.

"Chai, Lascelle?" Bi Clarice alisema. "Basi akina mama wote wa kanisa ni wavutaji. Jumapili tuwafungie nje."

"Naapa, Bi Clarice."

"Usiape mbele ya unga wangu. Sema ulishindwa kuacha, mwanangu, tukuhurumie."

Lascelle alikuwa akikwaruza meza ya duka kwa ukucha, macho yamejaa. Mtu anayedanganya hakwaruzi meza namna ile. Nilimwamini, na nadhani nilikuwa peke yangu.

Njia nzima ya kurudi samaki alinilemea kama jiwe. Nilikuwa nimeelewa kwamba nikiendelea kumpa Lindel kile kikombe, Lindel haendi popote. Sikuhitaji hila. Nilihitaji kuchemsha tu, kama jana. Angekataliwa, angerudi, angesimamisha miti yake, na asubuhi angekuja akipiga mluzi njiani.

Kumwambia nisingeweza. Angejua nimeijua siri yake, angeniweka pamoja na wenye kijicho. Au angecheka kama walivyocheka dukani. Na kumwambia asinywe kwangu ni kumwambia asije.

Asubuhi nilichemsha sufuria mbili. Ya Bi Ivorine niliipika kama bibi alivyonifundisha. Ya Lindel nilitia mchaichai na mnanaa, tangawizi nyingi, maziwa mengi kuficha rangi.

Alikunywa, akatazama ndani ya kikombe.

"Netta, mashina yako yamezeeka?"

"Ni mvua."

"Mvua imenyesha ndani ya sufuria?"

"Kunywa."

"Nakunywa, bosi. Natafuta chai yenyewe imo upande gani."

Wiki zikapita hivyo. Kila siku alilalamika na kila siku alimaliza kikombe. Mpaka asubuhi moja akaingia jikoni mwenyewe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akafunua sufuria ya pili.

"Aha. Kumbe Mama ndiye anapewa ile nzuri. Ndiyo maana siku hizi anacheza kanisani mpaka benchi zinasogezwa." Alichukua upawa.

Nilitafuta neno. Maneno mengine huwa yananijia, yakiwa yamechelewa. Lile halikuja kabisa. Nikaipiga sufuria kwa mkono, ikaruka, chai yote ikanimwagikia mguuni.

Lindel alinishika, akanikalisha kwenye kigoda, akachota maji ya pipa akaumwagia mguu wangu taratibu, kisigino kikiwa kiganjani mwake. Hakuwa amewahi kunigusa.

"Ungesema tu hapana," alisema.

"Ndiyo."

"Neno lenyewe ni fupi, Netta. Hata wewe ungeliweza."

Hakucheka, wala mimi. Aliendelea kumwagia maji mguu ambao ulikuwa umeshapoa.

"Netta, kuna jambo..." Akaangalia njia.

"Jambo gani?"

"Hakuna. Paka mshubiri."

Baada ya Pasaka kulikuwa na asubuhi ambayo sikusikia mluzi. Nilisimama mlangoni mpaka chai ikafanya utando. Aliyekuja ni Bi Ivorine mwenyewe, anapanda hatua kwa hatua, chupa kwapani, akihema.

"Ameondoka," alisema kabla sijampa kiti. "Ameniambia begi likiwa mkononi. Mtoto niliyemzaa mimi."

"Pole, Bi Ivorine."

"Pole ya nini? Amepita vipimo vyote. Yeye si kama Lascelle, namshukuru Mungu, nimemlea." Alikaa, akasugua magoti. "Na wewe kakuachia salamu. Anasema upande mashina mapya, chai yako imekufa."

Nikacheka. Bi Ivorine naye akacheka. Kisha nikaingia jikoni nikamjazia chupa, nikakaa huko muda mrefu kuliko wa kujaza chupa.

Sasa nachemsha sufuria moja, namshushia Bi Ivorine mimi mwenyewe, kwa sababu kilima kinamshinda. Siku nyingine nafika Lindel akiwa amepiga simu. Bi Ivorine ananipa, nami nasema hujambo, baridi vipi, na Lindel anasema Netta leo una ulimi, kisha namrudishia mama yake simu. Napanda kurudi kwangu. Nguruwe ananisikia akiwa mbali.

Lindel, mashina hayakuzeeka. Chai ilikuwa ile ile, wewe tu ndiye niliyekunyima, ili wakupitishe, kwa sababu ulitaka kwenda. Mimi nilitaka ubaki.