Skonzi Zilizopinduliwa

Katika nyumba ya Kasiani, karani wa bandari, skonzi haikutiwa sukari. Mji mzima wa Mtwara uliijua skonzi kuwa mkate mdogo mtamu, uliochachuliwa kwa hamira na kuliwa kwa chai ya asubuhi; Kasiani aliijua nyingine. Yake ilikuwa ya chumvi na kitunguu, yenye jibini kidogo ilipopatikana, iliyoumuliwa kwa beking pauda na kukatwa kwa mdomo wa bilauri. Ndiyo waliyopewa Jumapili alasiri katika shule ya bweni ya misheni alikosoma, na kwa imani yake, mtu aliyelelewa kwa skonzi ile hakuhitaji kufundishwa mengi zaidi.

Alasiri hiyo ya masika ya mwaka 1972, mkewe Felista alikuwa katika jiko la uani, akisugua siagi ya kopo ndani ya unga kwa ncha za vidole. Mvua ilikuwa imekizunguka kile kibanda cha mabati pande zote, na moshi, ukikosa pa kutokea, ulikaa naye humo ndani. Alikuwa mwalimu wa darasa la kwanza katika shule ya mtaa wao wa Magomeni. Jioni hiyo walimtarajia Gaudensi, aliyekuwa kiranja mkuu wa Kasiani shuleni na sasa ofisa wa elimu aliyepanga vituo vya walimu. Alikuwa amekuja kwa ndege, maana barabara zilikuwa zimefungwa, naye angeondoka kesho yake.

Felista alikuwa na haja moja tu duniani. Baba yake alikuwa amepofuka, akiishi peke yake karibu na Songea, katika nyumba ambamo mama yake alifia masika yaliyopita. Habari za msiba ule zilimfikia kaburi likiwa limekwisha kuota majani, kwa kuwa njia ya Tunduru ilikuwa tope tupu. Hakuwa na ndugu mwingine wa kumshika baba mkono. Lakini mwalimu aliyeolewa alipangiwa kituo alipo mumewe, na mumewe alikuwa Mtwara.

"Ni neno moja tu, mume wangu," alikuwa amemwambia Kasiani asubuhi, akimshikia mwavuli mlangoni. "Yeye ndiye mwenye kupanga. Mwambie tu hali ya baba."

"Mgeni haalikwi chai ili akabwe koo."

"Basi niseme mimi."

"Ukisema wewe, nimesema mimi. Nami sijaomba tangu nizaliwe."

Neno hilo Felista alilijua kama alivyoijua Baba Yetu. Katika shule ile kinywa hakikuruhusiwa kuomba. Mvulana mwenye haja aliipindua skonzi yake, tumbo juu, akaisogeza mbele ya kiranja mkuu bila kusema. Kiranja alipoimega, ndipo mwenye haja aliposema. Kiranja akiila, ombi limekubaliwa. Akiirudisha sahanini, limekataliwa, wala halizungumzwi tena. Kasiani hakupindua skonzi hata mara moja. Hata baba yake mzazi alipokuwa akikata roho kijijini, yeye aliila ya kwake ikiwa imesimama wima, akarudi darasani. Kisa hicho aliwasimulia wageni wote akiwa ameinua kichwa, nao wageni walitikisa vyao, wasijue kama wapongeze au watoe pole.

"Hodi huko motoni!" Ilikuwa sauti ya Carlota, jirani yao, aliyeingia akiwa amejifunika gunia kichwani. Alikuwa ameuvuka mto Ruvuma na binti yake mgongoni, akikimbia vita vya Wareno, na tangu hapo alikuwa akiuza mihogo sokoni. Alichungulia bakuli. "Sukari iko wapi, mwalimu?"

"Haina sukari, Mama Isabel. Ni ya chumvi."

"Nnungu wangu! Skonzi ya chumvi! Hiyo ni skonzi au ni adhabu?"

"Ni vyote viwili," alisema Felista, wakacheka, ingawa kicheko chake kilikatika mapema.

Alimimina maziwa ya mgando, akaukusanya unga bila kuukanda sana, akaukata kwa bilauri, akaupanga katika sinia ya bati. Sinia ikashushwa ndani ya sufuria kubwa yenye mchanga wa moto, na kifuniko kikawekewa makaa juu. Ndiyo iliyokuwa tanuri yao. Carlota alitazama yale makaa, hakuridhika. Mkate wa kwao ulitaka moto wa kutisha. Akachota koleo zima la makaa mekundu, akayamwaga juu.

"Yatazidi," alisema Felista.

"Wacha yazidi. Mkate mwoga hauumuki." Kisha, akiketi juu ya kinu kilicholazwa, "Umemwambia bwana?"

"Nimemwambia. Hataki."

"Mimi kwetu siku ya jua kali naona moshi wake, mwalimu. Nikisimama ukingoni mwa Ruvuma naona. Lakini kuna mto, na kuna bunduki. Mimi nimezuiwa na vitu vyenye majina." Alimtazama kwa upole usio na huruma nyingi. "Wewe umezuiwa na nini? Na mtu anayekula mkate wa chumvi?"

Felista aliutazama mlango. Ulikuwa wazi, na nje yake hapakuwa na kitu ila mvua. Walikaa hivyo mpaka harufu ilipowazindua.

Aliondoa kifuniko kwa kitambaa. Skonzi zilikuwa zimeumuka vizuri, lakini nyuso zao zilikuwa nyeusi kama masizi. Unga ulikuwa umekwisha, na madukani haukuwapo.

"Kosa langu," alisema Carlota, mkono kinywani. "Lakini chini ni nzuri, tazama, ni dhahabu kabisa! Zigeuze tu. Nani atajua?"

Felista aliishika ya kwanza ili aigeuze, mkono ukasimama hewani. Aliijua maana yake. Angeweza kuzikwangua weusi kwa kisu, zikawa skonzi mbovu zisizosema kitu. Alikitazama kisu. Akakiacha. Akazipindua moja moja katika sahani ya maua, tumbo juu, polepole, kama mtu anayeandika ubaoni neno asilotaka lifutwe.

Gaudensi alikuwa mtu mnene, mwenye sauti ya kuitikiwa. Alikaa katika kiti cha mwenye nyumba, akauliza habari za wenzao, nani amekufa na nani amekuwa mheshimiwa, na Kasiani alimjibu kwa jina la zamani, "Ndiyo, Kiranja," "La hasha, Kiranja." Uso wake ulikuwa umepata ujana.

"Nimesikia kuna skonzi," alisema Gaudensi. "Zile zetu?"

"Zile zile. Katika nyumba hii hakijabadilishwa kitu." Naye Kasiani akaiondoa kawa kwa mkono wake mwenyewe.

Skonzi zote zilikuwa tumbo juu. Mvua ilipiga bati.

Kisha Gaudensi akaangua kicheko. "Kasiani! Mapinduzi yamefika mpaka sahanini kwako?"

Mkono wa Kasiani ulikwenda kwenye sahani, ukakomea njiani. Skonzi iliyopinduliwa haikuguswa na mtu kabla ya kiranja, na yeye hakuwa mtu wa kuivunja sheria aliyoisifu. Alimgeukia mkewe, na katika macho yake mlikuwa na kitu ambacho Felista hakuwahi kukiona, kama mtu anayetafuta mlango gizani.

"Zimeungua juu, sivyo, Felista? Ndiyo sababu."

"Zimeungua," alisema Felista, akiwa amesimama na birika mkononi. "Lakini siyo sababu."

Gaudensi aliacha kucheka. Akaichukua moja, akaipima kiganjani. "Nani amezipindua?"

"Mimi, shemeji."

"Kasiani, ulimtuma?"

Lilikuwa swali fupi, na lilimfunga kote. Akisema amemtuma, basi ameomba, yeye aliyejivunia miaka yote kutoomba. Akisema hakumtuma, ombi lingekuwa la mkewe, naye asingekuwa na sauti juu yake. Njia ya tatu ilikuwa uongo, na Kasiani hakuwa mwongo.

"Sikumtuma," alisema.

"Basi ombi si lako." Gaudensi akaimega skonzi katikati. Mvuke mwembamba wenye harufu ya kitunguu ukapanda. "Sema, shemeji."

Felista aliitua birika. "Naomba kituo cha Songea. Baba yangu haoni, na mama hayupo. Nitakwenda hata kama mume wangu atabaki bandarini."

"Kiranja," alisema Kasiani, "mimi ni mumewe."

"Najua. Nilipokuja kukualika harusi yangu, uliniambia umeoa kabla yangu." Gaudensi hakumtazama. "Lakini sheria ya meza unaijua. Mwenye haja akisema, wengine hunyamaza. Au mliibadilisha nilipoondoka?"

"Hatukuibadilisha."

"Kule wanalilia walimu, shemeji. Nafasi ipo, haikuwa na mwombaji. Niletee ombi lako kesho kabla ya ndege." Akaila skonzi yote, weusi na weupe wake, akitafuna kwa uzito. "Chungu," alisema, akipangusa vidole. "Lakini chumvi ni ileile."

Gaudensi alipokwisha kuagwa, Kasiani alirudi mezani peke yake. Akazigeuza skonzi zilizobaki, moja baada ya nyingine, mpaka zote zikawa zimesimama wima na nyuso zao za masizi juu. Felista alikuwa akikusanya vikombe. Alidhani amemaliza.

Kisha Kasiani akaichukua moja. Akaipindua. Alifanya hivyo kwa ugumu wa mtu anayeandika kwa mkono usio wake, akaisogeza kwenye kitambaa cha meza mpaka ikafika mbele ya mkewe. Hakuinua macho.

Felista aliketi. Aliitazama muda mrefu. Akaimega.

"Sema," alisema.

Mumewe alikinyoosha kitambaa cha meza kwa kiganja. "Usiende."

Kama angesema "Twende," Felista angeila yote pamoja na uchungu wake. Alisubiri, ili kama lipo neno jingine lipate nafasi ya kutoka. Halikutoka. Akaviweka vile vipande viwili sahanini, kimoja kando ya kingine, taratibu, asije akaonekana kuvitupa.

Kasiani aliijua sheria kuliko wote. Hakurudia.

"Chumvi haikuzidi?" aliuliza baadaye, kwa sauti ya kawaida.

"Haikuzidi."

Felista akainuka, akaenda chumbani, na sauti ya sanduku la bati likivutwa kutoka uvunguni ikasikika juu ya sauti ya mvua. Kasiani aliivuta sahani. Akavila vile vipande viwili mwenyewe, polepole, mpaka chembe ya mwisho, kwa kuwa katika shule yao chakula hakikutupwa.