Msonyo wa Leonida

Jumapili moja, misa ya kwanza ikiwa imekwisha na umande bado uko kwenye majani ya maharage, Bwana Mkubwa alikunjua kiti chake juu ya tuta la lambo, akalowesha kidole kwa ulimi, akakiinua juu. Kilikuwa kidole kinene, kisafi, kisichojua jembe. Kando yake Felisiani, Bwana Samaki wa tarafa, alilowesha chake pia, maana haikuwa adabu mkubwa ainue kidole peke yake.

"Upepo unatoka wapi?" aliuliza Bwana Mkubwa.

"Mashariki, mzee."

"Magharibi."

"Magharibi, mzee," alisema Felisiani, kidole kikiwa bado juu.

Upepo wenyewe haukuwepo. Moshi wa jikoni kwa Patrisi, kaya ya jirani, ulikuwa unapanda wima hadi usawa wa msitu wa Ngorongoro. Leonida aliwaona wote wawili na vidole vyao kutoka nje ya seng'enge, alipokuwa anachuma mnafu. Alikuwa mjane wa Tluway, mwanamke mrefu mwenye mdomo wa chini uliozoea kubinuka, na kutoka pale hadi Karatu mjini hakukuwa na mtu wa kumshinda kwa dharau. Hakuzaliwa nayo. Alipewa na hawa hawa, pamoja na ahadi ya shamba.

Shamba lake lilikuwa chini ya yale maji. Lilikuwa la mahindi na maharage, lenye chemchemi isiyokauka hata mwezi wa kumi, na kwenye pembe ya juu palikuwa na kaburi la Tluway. Watu walikuja na katapila, wakaitisha mkutano, wakasema wanachimba lambo la ng'ombe. Nani atakataa lambo la ng'ombe? Wananchi walinyoosha mikono. Moloimet, Mmasai aliyekuwa akishuka na ng'ombe wake kila kiangazi kutafuta maji, alinyoosha mikono yote miwili. Leonida aliambiwa atapimiwa shamba jingine kwenye mteremko chini ya msitu, udongo mweusi tii, mwezi ujao. Akabeba masufuria yake, akahamia kwa shemeji yake Patrisi, akangoja.

Shamba halikuja. Alikuja Felisiani na madebe ya maziwa, akamimina majini vidudu vyeusi vinavyorukaruka. Wairaqw wa pale hawali samaki, kwao ni ndugu wa nyoka, na Wamasai ndiyo kabisa, hata wakimtaja hutema mate. Samaki mzima hakuna aliyewahi kumwona. Wakadhani Bwana Samaki anatia dawa ya konokono, ng'ombe wanywe bila kuugua, basi wakapiga makofi na akina mama wakapiga vigelegele. Walipokuja kujua walichokuwa wanakishangilia, seng'enge ilishazungushwa. Ng'ombe walikatazwa kusogea, eti wanatibua maji na samaki wanakosa raha.

Raha! Miaka ile sabuni ilikuwa ya kuotea ndotoni, sukari mpaka umjue mtu, na magari yalipigwa marufuku kutembea Jumapili mchana ili petroli isiishe nchini. Landrova ya Bwana Mkubwa ilikuwa na kibali. Kilisema safari ni ya kikazi, kuhusu lishe ya wananchi. Lishe yenyewe ilipakiwa nyuma ya gari jioni ikaenda zake mjini.

Jumapili ile walikuwepo wageni wawili, nao wameinua vidole. Mmoja alisema samaki wanauma chambo upepo ukitoka mlimani. Wa pili alisema upepo hauna maana, kinachotakiwa ni wingu jepesi, na kwamba goti lake la kushoto humwambia. Waliongea hivyo asubuhi nzima, watu wazima wenye wake na watoto, na viboya vyao vimetulia juu ya maji. Halafu mgeni wa goti akamwona Leonida, akauliza yule mama ni nani.

"Huyo ndiye tuliyemhamisha hapa," Bwana Mkubwa alisema. "Tukampa shamba zuri kuliko la kwanza. Wananchi wetu tunawajali."

Leonida alisonya.

Ulikuwa msonyo mrefu, wa kutoka tumboni. Ulianza kama misonyo yote, kati ya ulimi na meno, lakini haukuishia pale. Ulitoka kinywani ukiwa upepo, ukapita katikati ya nyaya za seng'enge, ukalaza nyasi za kwenye tuta, ukaingia majini na kuyakunja mpaka ng'ambo. Viboya vyote vilizama kwa pamoja. Wakavua perege wa kujaza ndoo, na kambale mmoja aliyemlowesha mgeni wa goti suruali yote.

"Si niliwaambia? Magharibi," alisema Bwana Mkubwa.

Basi ikawa ndiyo elimu yao. Felisiani alisimika mti na kitambaa chekundu ili upepo uonekane unakotoka, na kwa kuwa kitambaa kilielekea kila upande ambao Leonida hakuwepo, walibishana mwaka mzima kama ni kusi, au kaskazi, au huo unaopanda kutoka ziwa Eyasi. Kuna wiki upepo wa kweli ulikuja ukang'oa mabati ya ghala la kijiji, na maji ya lambo yakapiga mawimbi kama yamechokozwa. Hakuna hata samaki mmoja aliyeuma chambo. Wiki ile Leonida alikuwa Mbulu kwa dada yake, amekwenda msibani.

Felisiani hakuwa mjinga. Alikuwa mwoga tu, na mwoga akipewa muda huyaona mengi. Jumanne moja alikwenda kwa Patrisi, akamkuta Leonida anapepeta maharage uani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umeleta shamba?"

"Nimekuja kwa ajili ya upepo, mama. Nimegundua ni wako."

"Na mimi nimegundua shamba ni langu," alisema Leonida, akaendelea kupepeta. "Wewe leta hilo, halafu tutaongea habari za upepo."

Felisiani alimpelekea Bwana Mkubwa taarifa kama ilivyo. Bwana Mkubwa aliisikiliza huku anakata kucha. "Kumbe ni yule mama," alisema. "Basi Jumapili mwekeeni kiti. Kwa nini upepo ukae nje ya uzio?"

Wakamwekea kiti. Leonida alikuja kwa sababu mwenyekiti wa kijiji alimwambia, akakaa pembeni ya maji yaliyokuwa shamba lake, akafunga mdomo kama mtu aliyeficha sindano humo. Wakamwomba, akanyamaza. Wakamletea soda ya moto, akaiweka chini. Jua likapanda, viboya vikasinzia, wageni wakaanza kutazamana. Ndipo Bwana Mkubwa, kwa kutaka kumbembeleza tu, alipoinama na kusema, "Mama, usiwe na wasiwasi. Mwezi ujao shamba lako unapata. Mimi mwenyewe nitakuja kulipima."

Msonyo ulimponyoka. Hakuutaka, ulikwenda wenyewe, na mshipi wa Bwana Mkubwa nusura umtoe kitini.

Tangu hapo hawakuijali tena minyoo. Ahadi ndiyo ilikuwa chambo. Kila Jumapili mmoja wao alisimama mbele ya Leonida na kumwahidi shamba, na wengine wakashika vizuri mishipi. Waliiva katika kazi hiyo. Waligundua kwamba ahadi ikirudiwa sana hupungua nguvu, mnapata perege wa kiganja tu, kwa hiyo wakawa wanaiongezea. Shamba pamoja na trekta. Shamba pamoja na bomba la maji. Mgeni mmoja aliahidi shamba na barabara ya kulifikia, akapata kambale watatu. Na siku Bwana Mkubwa aliposema watamhamisha marehemu Tluway kwa heshima zote, padri atakuwepo na ng'ombe atachinjwa, alitoka kambale mkubwa wa masharubu marefu, urefu wa kitoto cha miaka minane, ambaye hakuna aliyejua kama yumo. Walimpiga picha. Leonida alirudi kwa Patrisi, akalala mchana na viatu miguuni.

Moloimet alikuwa akipita nje ya seng'enge na ng'ombe wake wanaolamba mate, akielekea kwenye maji ya mbali. "Yeyo," alimwita Leonida, yaani mama, "wale wanaume wazima bado wanavua nyoka?"

"Bado."

"Hawana mama zao?"

"Wanao. Wamewaahidi vitu."

Ikafika siku Leonida akakaa akafikiri. Kama dharau yake ndiyo inayowashibisha, basi dawa yao ni moja tu, kuwaamini. Watakosa samaki, watalichoka lambo, watalifungua tuta, shamba litajitokeza. Lakini kumwamini mtu aliyekuibia si kazi ndogo jamani, inataka mazoezi. Alianzia nyumbani. Patrisi alisema ataziba paa lililovuja, Leonida akamwamini. Redio ilisema sukari iko njiani, akaiamini hiyo nayo, akatenga kikombe. Kuku, waliozoea misonyo yake, wakawa hawajui saa ya kuingia bandani. Alivumilia. Mdomo wa chini ulimuuma kwa kukaa mahali pasipo pake.

Jumapili iliyofuata alikuja mgeni mkubwa kuliko wote, mtu ambaye Bwana Mkubwa mwenyewe alimbebea kiti. Felisiani alishapiga pasi kitambaa chekundu. Bwana Mkubwa alisimama mbele ya Leonida, akakohoa, akaahidi shamba, trekta, bomba, barabara na padri, vyote kwa pamoja.

"Asante, baba," alisema Leonida. "Nimefurahi sana."

Maji yalibaki yametulia kama uji ulioganda. Kitambaa kikaning'inia. Mgeni alingoja, akavuta mshipi, akakuta mnyoo wake uko vilevile na umenona. Bwana Mkubwa akaanza kutoka jasho shingoni. Aliahidi tena kwa sauti kubwa zaidi, na Leonida akamshukuru tena.

"Ahadi imechuja," Bwana Mkubwa alimnong'oneza Felisiani. "Kachukue vigingi. Kampimie kweli, sasa hivi, kule juu kunakoonekana. Labda vigingi vitamchokoza."

Felisiani alipanda mteremko na vigingi na nyundo, Leonida nyuma yake. Chini ya msitu, kwenye udongo mweusi, alipiga kigingi kila pembe. Kilipoingia cha mwisho Leonida aliinama akachukua udongo, akaufinya. Ulikuwa na unyevu. Aliona maharage yatakaa wapi na mbaazi wapi, na mahali penye kivuli pa kumlaza Tluway. Hakuhitaji tena kujilazimisha. Aliamini, moyo ukamjaa, akalia pale pale mbele ya Felisiani bila kujificha. Chini kule lambo halikutikisika mpaka jioni, na mgeni mkubwa aliondoka mikono mitupu bila kuaga.

Kesho yake Leonida aliamka na jembe begani. Alipofika mteremkoni alimkuta Felisiani ameinama, anang'oa vigingi. Viwili vilishatoka.

"Shikamoo, mama."

Leonida alishusha jembe begani.

"Si mimi, mama. Jana umeona mwenyewe," alisema Felisiani, anatikisa cha tatu. "Ukipata shamba unaridhika. Ukiridhika husonyi. Sasa tutavuaje?"

Alisema kwa upole, kama mtu anayemweleza mgonjwa dozi yake. Leonida alimtazama, akatazama mashimo. Halafu mdomo wake wa chini ulirudi mahali pake.

Msonyo ule ulivua kofia ya Felisiani na kuipeleka msituni. Ulishuka mteremko, ukakata kitambaa chekundu katikati, ukalipasua lambo kutoka tuta hadi tuta. Maji yalisimama huku na huku, na katikati yakaonekana matuta ya mahindi jinsi Leonida alivyoyaacha, na chemchemi inayobubujika, na kwenye pembe ya juu kaburi la Tluway na msalaba wake umevaa majani ya majini. Samaki walikuwa wamelala kwenye mifereji, vinywa wazi, wanauma hewa. Moloimet aliyekuwa anapita na ng'ombe alisimama, akasalimia upande wa kaburi, maana alimfahamu marehemu. Kisha maji yakarudi, yakafunika vyote.

Felisiani aliweka vigingi begani. "Upepo wa leo mzuri sana," alisema. "Bahati mbaya Jumatatu hatuvui."

Jumapili viti vilikunjuliwa tena juu ya tuta, na kimoja pembeni ya maji. Mgeni mpya kutoka mjini alitaka kujua kama ni kweli upepo na hali ya hewa vinawafanya samaki waume chambo, au ni hadithi za wavuvi. Bwana Mkubwa alimwambia ni kweli tupu, yeye amelifanyia jambo hilo utafiti. Akatia mnyoo kwenye ndoana kwa mazoea tu, akarusha, akageuka kwenye kiti cha Leonida akiwa tayari na tabasamu.

"Mama," alisema, "mwezi u..."

Mshipi ukakaza.