Pembe ya Mkunga

Mke wangu aliiweka pembe yake ya mbao juu ya diski, akainamisha sikio, akafumba macho. Alikuwa mkunga kwa miaka thelathini na mitatu, na kwa pembe hiyo hiyo alisikiliza mapigo ya watoto matumboni mwa mama zao. Leo alikuwa akisikiliza kompyuta.

“Nyamaza,” aliniambia, nami sikuwa nimesema neno.

Ndani ya diski hiyo mlikuwa na kitabu chake, kisa cha kila mtoto aliyempokea, kazi ya miaka sita isiyo na nakala. Tangu Jumatano kompyuta iliwaka vizuri, lakini diski hiyo, ya pili ya kuhifadhia kazi zake, haikuonekana kwenye skrini. Fundi wa dukani aliitazama kwa dakika mbili akasema, “Mzee, hii imekufa. Zika.” Nami, msomi wa shule ya jioni mwenye cheti cha kompyuta ukutani, nilikuwa nimekwisha kuhukumu: kosa ni la kitambaa kibichi cha bibi huyu, anayefuta vumbi hata pasipo na vumbi. Alikianika kitambaa dirishani, asikiguse tena.

“Yu hai,” alisema. “Anazunguka sawasawa, hakwaruzi, hagongi. Huyo fundi wako alisikiliza kwa macho.”

“Mbona haonekani, basi?”

“Mimi nimekupa habari za mtoto, mzee wangu. Habari za mlango muulize mwenye nyumba.”

Mwenye kuitunza kompyuta hiyo nilikuwa mimi. Kama diski ni nzima, huenda kilichokosekana ni draiva, ile programu ndogo inayokiwezesha kiini cha mfumo, yaani moyo wa programu zote za kompyuta, kuzungumza nayo. Nikalirukia daftari langu. Mwalimu wetu wa jioni alitufunza kuandika kila tunachokigusa, hata kama ni skrubu. Nikapekua. Jumanne alasiri, kwa mwandiko wangu mzuri: *Nimeweka kiini kipya cha mfumo. Cha zamani nimekiacha. Kazi safi.*

Kazi safi! Lakini kiini kipya huanza kazi mashine iwashwapo tena, yaani Jumatano, siku ile ile ya kitambaa.

Nikaizima mashine, nikaiwasha, nikashikilia kitufe mpaka orodha ikatokea, nikachagua kiini cha zamani. Mistari myeupe ikateremka mbio kama watoto waliosikia kengele ya kutoka shule.

“Njoo! Njoo uone!”

Diski hiyo hapo, na jina lake! Na kitabu, kurasa mia nne na kumi na mbili! Nilipiga kelele hata jirani akagonga ukuta. Nikaanza kukinakili.

“Saa ngapi?” mke wangu aliuliza. Ndivyo alivyouliza kila mtoto alipotoka.

“Saa nne na dakika ishirini.”

“Andika.”

Niliandika saa. Chini yake, kama tulivyofunzwa, nikaandika *Chanzo cha hitilafu*, na kalamu ikasita. Yeye alikuwa akiifuta pembe yake kwa upindo wa kanga, hanitazami.

*Mimi*, niliandika, nikamsogezea daftari.

Alivaa miwani, akasoma polepole. Kisha akanyoosha mkono dirishani, akakitwaa kile kitambaa kilichokauka kikawa kama ubao, akaenda kukilowesha.